Kurudishiwa fedha za kifurushi cha matengenezo usichokihitaji

Ndugu yangu wa Area C, umeeleza kwamba ulinunua gari kwa wakala hapa Dodoma, kisha ukagundua kuwa ndani ya bei umetozwa kifurushi cha matengenezo cha miaka mitatu ambacho hukukiomba, na muuzaji anadai fedha hazirudishwi. Usiridhike na jibu hilo la mdomo.

Kwanza, usilipeleke gari kupata huduma yoyote ya kifurushi hicho, hata kubadilisha oili, kwa sababu watasema umekubali. Soma mkataba wote, hasa kipengele cha kusitisha, na uulinganishe na risiti. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa ya hiari, na aliyeridhia kwa kupotoshwa anaweza kuuvunja mkataba. Kwa hiyo, kama uliambiwa kwamba bila kifurushi gari haliuzwi, andika maneno hayo, tarehe na cheo cha aliyeyasema, kwani hapo ndipo penye nguvu ya dai lako. Ikiwa ulitia saini ukijua, dai ni dhaifu zaidi, lakini bado ni haki kuomba thamani ya huduma ambazo hujazitumia.

Mwandikie meneja barua yenye kiasi unachodai na siku 14 za kujibu, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Akikaa kimya, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa pia jukumu la kumlinda mlaji.