Jibu: Maneno ya Kijerumani ya kuelezea mipango ya baadaye, kwa anayejiandaa na B1 na usaili wa Ausbildung

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba unajiandaa na mtihani wa B1, yaani kiwango cha kati cha Kijerumani, hapo Dar es Salaam, kwamba baada yake utafanyiwa usaili kwa video na mwajiri wa Ujerumani kwa ajili ya Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya uuguzi, na kwamba kila unapoulizwa kuhusu mipango yako unajikuta na neno moja tu, "werden", kile kitenzi kinachofundishwa kuwa cha wakati ujao, kisha unakwama. Umeomba orodha ya maneno. Nilipita njia hiyo hiyo na sasa ni muuguzi hapa Leipzig, kwa hiyo nitajibu kwa yale ninayoyasikia kazini kila siku. Sitakupa orodha, kwa sababu naona kinachokukwamisha si uchache wa maneno bali ni kulibebesha neno moja kazi ambayo Wajerumani wenyewe hawalibebeshi.

Anayewaza kwa Kiswahili ana -ta- yake, na ni jambo la kawaida kabisa kwamba atatafuta kitu cha kuiwakilisha kila inapotokea. "Nitakwenda" inakuwa "ich werde gehen", "nitafanya" inakuwa "ich werde machen", na hakuna kosa la sarufi ndani yake. Hata hivyo Mjerumani anayeeleza ratiba au mpango wake husema kwa wakati uliopo na kuachia neno la wakati lifanye kazi: "Morgen habe ich Spätdienst", yaani kesho nina zamu ya mchana, "Nächste Woche fahre ich nach Berlin", yaani wiki ijayo nakwenda Berlin. Hata sisi husema "kesho naenda Morogoro" na hakuna anayedhani kwamba tumeshapanda basi. Tofauti ni kwamba kwao huo ndio utaratibu hata katika maandishi rasmi, na barua ya mwajiri itakuambia "Die Ausbildung beginnt am 1. September" bila "werden" yoyote.

"Werden" inabaki na kazi zake. Inatoa ahadi ("Ich werde Sie anrufen", nitakupigia, usiwe na wasiwasi), inatabiri ("Es wird regnen", mvua itanyesha), na ikiambatana na "wohl" inaeleza dhana ya jambo la sasa hivi: "Er wird wohl krank sein" maana yake ni kwamba huenda anaumwa, wala haihusu kesho. Zaidi ya hapo, neno hilo hilo linabeba maana ya kuwa kitu fulani, kama katika "Ich werde Pflegefachmann", nakuwa muuguzi, na linajenga kauli ya kutendwa. Hili la mwisho ndilo linalowasumbua wengi wodini. Katika makabidhiano ya zamu utasikia "Frau soundso wird morgen operiert", na utadhani "wird" ndiyo -ta- yako, kumbe hapo inaonyesha tu kwamba mama huyo anafanyiwa upasuaji, na ujao wote umebebwa na "morgen". Ukiondoa "morgen", sentensi inaweza kumaanisha kwamba yuko mezani sasa hivi. Ndiyo maana nasema maneno ya wakati yajifunzwe kwanza, kabla ya vitenzi vya mipango.

Katika maneno hayo ya wakati, mtego mkubwa kwetu ni "baada ya". Kiswahili hulitumia kwa hali mbili ambazo Kijerumani huzitenganisha. Ukihesabu muda kuanzia sasa, sema "in": "In drei Jahren bin ich fertig", baada ya miaka mitatu nitakuwa nimemaliza. Ukitaja tukio, sema "nach": "Nach der Ausbildung möchte ich in Leipzig bleiben", baada ya mafunzo ningependa kubaki Leipzig. Mtu akisema "nach drei Jahren" peke yake, msikilizaji atasubiri kuelezwa miaka hiyo mitatu inahesabiwa kuanzia lini. Kisha kuna "vor", ambayo ikifuatwa na muda hurudi nyuma ("vor drei Jahren", miaka mitatu iliyopita), ilhali kitenzi "vorhaben", kukusudia, kinatazama mbele. "Ab" huonyesha jambo linaanzia lini, na "bis" huonyesha mwisho wake. "Gleich" ni ndani ya dakika chache, "nachher" ni baadaye leo hii, "bald" ni karibuni bila ahadi ya siku, "demnächst" ni karibuni kwa lugha rasmi zaidi, na "irgendwann" ni siku moja isiyojulikana. Usimwambie mgonjwa "gleich" kama una wagonjwa wengine wanne wa kuwapitia kwanza. Atabonyeza kengele tena, na atakuwa na haki. Kuhusu "nächsten Freitag", Wajerumani wenyewe hubishana kama ni Ijumaa hii au ya wiki inayofuata, kwa hiyo taja tarehe.

Tukija kwenye vitenzi, vipange kwa uzito wa nia. "Ich möchte" ni ningependa, ni adabu na ni salama. "Ich will" ni nataka, na kwa mtu usiyemfahamu husikika kama amri, ingawa katika usaili "Ich will das wirklich lernen" inaweza kuonyesha dhamira nzuri. "Ich habe vor" ni nimekusudia, na hili ndilo neno ninalokushauri ulizoee kuliko yote, kwa sababu liko katikati ya ndoto na ratiba. Muundo wake unahitaji mazoezi kwani kitenzi cha pili kinakwenda mwisho na "zu": "Ich habe vor, nach der Ausbildung eine Fachweiterbildung in der Intensivpflege zu machen", nimekusudia baada ya mafunzo kusomea ubingwa wa kuhudumia wagonjwa mahututi. "Planen" linafaa pale ambapo hatua zimeanza kupangwa. "Beabsichtigen", kukusudia kwa lugha rasmi, liache kwenye barua. Upande wa majina, "das Ziel" ni lengo, "der Traum" ni ndoto, na "der Vorsatz" ni lile azimio la mwaka mpya ambalo kila mtu analijua mwisho wake. Jifunze vitenzi pamoja na vihusishi vyake: "sich bewerben um", kuomba nafasi, "sich entscheiden für", kuamua kuchagua, "hoffen auf", kutumainia. "Sich freuen auf" ni kufurahia jambo linalokuja, na "sich freuen über" ni kufurahia lililokwisha kufika. Ukizichanganya, msaili anaweza kudhani kwamba mafunzo umeshayaanza.

Swali ambalo karibu kila msaili analo ni "Was haben Sie nach der Ausbildung vor?", umekusudia nini baada ya mafunzo, au "Wo sehen Sie sich in fünf Jahren?", unajiona wapi baada ya miaka mitano. Jingine ni "Wie stellen Sie sich Ihre Zukunft in Deutschland vor?", unawazia vipi maisha yako ya baadaye Ujerumani, ambapo "sich vorstellen" si kujitambulisha kama ulivyofundishwa katika A1, kiwango cha kwanza, bali ni kuwazia. Ukianza kutaja jina na umri wako, utakuwa umejibu swali lisiloulizwa.

Hapa kuna jambo la malezi pia. Sisi hatutaji mipango bila "Mungu akipenda" au "inshallah", na kunyamaza kuhusu hilo huonekana kama kiburi. Kijerumani kina "so Gott will", lakini kwa vijana wengi linasikika la kizamani, na msaili anaweza kulichukua kama kusitasita. Sikuambii uache imani yako mlangoni. Nakuambia kwamba unyenyekevu ule ule una maneno yake ya kila siku: "wenn alles klappt", mambo yakienda sawa, "hoffentlich", tunatumaini, "voraussichtlich", kwa matarajio ya sasa, neno ambalo utaliona kwenye barua za ofisi na ratiba za treni. Kwa kiwango cha uhakika panda kutoka "vielleicht", labda, kwenda "wahrscheinlich", yaelekea, kisha "bestimmt", hakika, na "auf jeden Fall", kwa vyovyote vile. Jihadhari na "mal sehen", tutaona. Ukilitoa kama jibu la mwaliko, Mjerumani atasikia "hapana" ya heshima.

Kuhusu mtihani wenyewe, sehemu ya kwanza ya kuzungumza katika B1 ya Goethe, taasisi ya lugha ya Kijerumani, ni kupanga jambo pamoja na mtahiniwa mwenzako, na ajabu ni kwamba unaweza kuimaliza bila kutamka "werden" hata mara moja. Unachohitaji ni kupendekeza ("Wie wäre es, wenn wir am Samstag hinfahren?"), kukataa kwa sababu ("Samstag geht leider nicht, weil ich arbeiten muss"), kugawana kazi ("Wer kümmert sich um das Geschenk?") na kufunga ("Gut, dann machen wir es so"). Ukipanga saa, kumbuka kwamba "halb acht" ni saa moja na nusu yetu, si saa mbili na nusu: Mjerumani anahesabu nusu inayoelekea saa inayofuata, na kwa usaili, kuchelewa saa hiyo nzima kunatosha kukupotezea nafasi.

Namna ya kujizoeza ni rahisi. Badili lugha ya kalenda ya simu yako iwe Kijerumani, na kila Jumapili jioni andika mambo yako halisi ya wiki inayokuja kwa sentensi kamili, kila moja ikiwa na neno la wakati na kitenzi cha nia, kisha uzisome kwa sauti. Mambo ya kweli hukaa kichwani kuliko safari za kubuni za kwenda milima ya Alps. Zile sentensi za "atakuwa ameshafanya", yaani Futur II, ziache mpaka uvuke B1. Kazini huzisikia zaidi mtu anapokisia jambo lililopita, kama "Er wird es vergessen haben", huenda alisahau, na hakuna msaili atakayekudai.