Modemu gani ninunue? Anza na waya ulioingia nyumbani

Habari mkuu. Umeuliza ununue modemu ipi ya intaneti ya kasi kwa kompyuta yako ya mezani, maana ile ya mtumba uliyopewa taa yake ya mtandao inapepesa tu, haitulii.

Kabla hujatoa hela, tazama waya unaoingia ndani. Ule mwembamba wa simu unataka modemu ya ADSL au VDSL, njia mbili tofauti za kupitisha intaneti kwenye laini ya simu. Ule mnene wa duara, wenye sindano ya shaba katikati kama wa antena ya televisheni, unataka modemu ya kebo, yenye DOCSIS 3.0 au 3.1, yaani matoleo ya kiwango cha intaneti ya kebo. Ya simu haifanyi kazi kwenye kebo, wala ya kebo kwenye simu. Kama ni faiba, usinunue kitu. Kifaa chake kwa kawaida hutolewa na kampuni yenyewe.

Taa kama hiyo ilinitesa wiki nzima. Nikabadilisha nyaya, nikarudisha mipangilio ya kiwandani, wapi! Kumbe modemu ilikuwa ya ADSL peke yake na laini yangu ni VDSL.

Kwa hiyo wapigie simu watoa huduma wako, waulize aina ya laini na modemu wanazozikubali. Kampuni za kebo husajili namba ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, iliyobandikwa chini ya modemu, na ya mtumba inaweza kukataliwa kwa kuwa bado iko kwenye akaunti ya mwenye nayo wa zamani.

Kwenye kompyuta, tundu la Ethernet, yaani la kuchomeka waya wa mtandao utokao kwenye modemu, likikosekana, adapta ya USB yenye tundu hilo inatosha.

Tuwekee picha ya huo waya tuuone.