Fundi Anajibu: Saa ya kujaza inayosimama-simama

SWALI: Nina saa ya zamani ya kujaza kwa mkono. Naijaza hadi mwisho, inatembea dakika chache kisha inasimama. Nikiitikisa inaendelea kidogo. Vifaa ninavyo: bisibisi ndogo, kibano na lupu. Nianzie wapi?
*Msomaji, Birere, Goma*

JIBU: Ndugu, kabla ya kugusa skrubu yoyote ya ndani, legeza resori kuu, ile springi inayoipa saa nguvu. Shika kifungo cha kujazia, kizungushe kidogo upande wa kujaza, sukuma pembeni kliketi, kile kijino kinachozuia gurudumu la barileti (kopo la resori) lisirudi nyuma, kwa kijiti cha meno. Kisha acha kifungo kirudi taratibu kati ya vidole. Ukiruka hatua hii na kung'oa ankra, ile uma ndogo inayozuia na kuachia magurudumu, yatafyatuka yote kwa mpigo. Pivo, zile ncha nyembamba za mihimili ya magurudumu, huvunjika, na saa iliyokuwa chafu tu inakuwa mbovu kweli.

Sasa toa daraja (kibati kinachoshikilia) la balansia pamoja na balansia yenyewe, lile gurudumu linaloyumba huku na huku, bila kuiacha ining'inie kwenye spirali, ile springi yake nyembamba kama unywele. Jaza meno mawili matatu ya kliketi, halafu isukume ankra kwa ncha ya brashi. Ikirukia upande wa pili yenyewe, tena kwa haraka, basi nguvu inafika na ugonjwa uko kwenye balansia: mafuta yaliyoganda ndani ya rubi zake (vijiwe vyenye tundu vinavyoshika pivo), au pivo iliyopinda. Ikisogea kivivu, nguvu inapotelea njiani.

Legeza resori tena, ondoa ankra, kisha zungusha kifungo jino moja tu. Magurudumu yote yanapaswa kuzunguka laini, na la mwisho, lile linalogusana na ankra, lirudi nyuma kidogo kabla ya kutulia. Lisiporudi, kuna kitu kinakwamisha. Pitisha lupu jino kwa jino. Mara nyingi ni unywele mmoja tu.

Kwa Goma mshukiwa mwingine ni vumbi la lava. Punje zake ni ngumu, zikichanganyika na mafuta ya zamani huwa kama msasa unaokula pivo. Ukiona pivo ina mfereji, kuosha hakutasaidia. Tafuta gurudumu lingine kutoka saa iliyokufa ya mashine ileile. Kama ni uchafu tu, piga picha kila hatua, fungua vyote, osha kwa esansi ya briketi (ile ya kujazia viberiti vya sigara), na chokoa kila tundu la rubi kwa kijiti kilichochongwa hadi kitoke cheupe.

Mafuta yawe kidogo: kikombe cha rubi kijae nusu tu. Mafuta ya saa ya Moebius: 9010 kwa balansia na magurudumu ya mbio, HP 1300 kwa barileti na sehemu za kujazia, 9415 kwenye mawe ya ankra. Pivo za ankra hazitiwi mafuta kabisa, hata mkono ukiwasha.

SWALI: Seiko 5 yangu, mashine 7S26, imeanza ghafla kuwahi dakika kadhaa kwa siku. Nisogeze kile kimshale cha kurekebisha?
*Msomaji, Kadutu, Bukavu*

JIBU: Usikiguse bado. Saa inayowahi ghafla hivyo kwa kawaida imeshika sumaku, pengine kutoka spika ya redio. Mizunguko ya spirali hunatana, spirali inafanya kazi kana kwamba imefupishwa, na balansia hupiga haraka kuliko mapigo yake ya kawaida, 21,600 kwa kila saa moja. Isogeze karibu na dira: sindano ikirukaruka, jibu umelipata. Kifaa cha kuondoa sumaku ni cha bei nafuu. Bonyeza kitufe saa ikiwa juu yake, iondoe polepole hadi nusu mita, ndipo uachie kitufe. Ukiachia mapema, sumaku inabaki.

Ikiendelea kuwahi, tazama spirali kwa lupu. Tone la mafuta juu yake huleta dalili zilezile, na dawa yake ni esansi safi.

SWALI: Alkoli ya duka la dawa inafaa kuoshea? Na mafuta ya cherehani?
*Msomaji, Katuba, Lubumbashi*

JIBU: Alkoli ni kwa madaraja na magurudumu tu. Ankra na balansia usizichovye humo: mawe ya ankra na kile kijiwe cha balansia vimegandishwa kwa sheleki, nayo huyeyuka kwenye alkoli. Mafuta ya cherehani waachie washonaji. Hutambaa nje ya rubi na kuiacha pivo kavu.