Mionzi ya wiki tatu: mamako hapunjwi

Dada, umeuliza kama mamako anapunjwa kwa kupangiwa mionzi ya saratani ya titi mara 15, ilhali jirani yenu alipewa mara 25. Hapunjwi. Kila kikao kinabeba dozi kubwa kidogo, ndiyo maana siku zimepungua. Uingereza walilinganisha ratiba hizo kwa maelfu ya wanawake; saratani haikurudi kwa wingi zaidi, wala madhara ya titi hayakuzidi. Mwaka 2020 wakachapisha matokeo ya mara 5 tu, wiki moja! Kwa mtu wa Likoni kama mamako, kumaliza kwa wiki tatu badala ya tano, yaani wiki mbili bila kubanwa ndani ya feri, si haba. Mwulizeni daktari kama na kwapani patapigwa mionzi, maana hapo mpango huweza kubadilika. Sidiria ya waya aiweke kando kwanza, avae dera pana.