Springi za hewa kwenye pikapu ya samaki: gari litainuka, tani haitaongezeka

SWALI: Assalaam aleikum, fundi. Nina Hilux ya dizeli, dabo kebini. Nachukua samaki Ngomeni naleta Malindi, na mara mbili kwa juma nashuka nao Mombasa. Nikishapakia samaki na barafu gari linakaa kitako, mpira wa chini unagonga chasisi kwenye kila tuta, na usiku taa zinamulika makuti ya minazi badala ya barabara. Shemeji yangu kanitumia seti ya springi za hewa kutoka Dubai: mifuko miwili ya mpira yenye mikunjo, vyuma vyake, yu-bolti (zile bolti zenye umbo la U) na paipu. Fundi wa hapa anasema atafunga kwa saa moja, ataunganisha mifuko yote miwili kwa paipu moja, na baada ya hapo nitaweza kuongeza kilo 300. Ni kweli? Na upepo nijaze kiasi gani?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na hizo kilo 300, maana ndizo zitakazokutia hasarani. Springi ya hewa huinua gari, haiongezi uwezo wa gari kubeba. Uzito wa juu ulioandikwa na kiwanda haukupimwa kwa springi peke yake. Ndani yake kuna ekseli, beringi, tairi, breki na chasisi, na hakuna hata kimoja katika hivyo kitakachopata nguvu mpya kwa sababu umefunga mfuko wa mpira.

Piga hesabu nami. Kwa joto letu hili, mtu anayejali samaki wake huweka karibu kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Samaki kilo 400, basi barafu kilo 400. Sanduku tuseme 60. Wewe na utingo wako 150. Tayari ni kilo 1,010, na hatujamweka yule mama wa njiani anayeomba lifti na beseni lake. Dabo kebini nyingi za aina yako zinaishia karibu na tani moja, nyingine chini yake. Chukua kitabu cha gari, tazama uzito wa juu wa gari likiwa na mzigo, toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho chako, na watu wamo ndani ya hesabu hiyo. Sitashangaa ukigundua kwamba umeshapita hata kabla ya kuongeza.

Halafu kuna chasisi. Springi zako za mabamba hubeba chasisi katika sehemu mbili, ncha ya mbele na kile kikuku cha nyuma, kwa hiyo uzito unagawanyika. Mfuko wa hewa unasukuma katikati, juu ya ekseli, sehemu moja tu. Ukijaza upepo mwingi na mzigo mzito umening'inia nyuma ya ekseli, kila shimo linakuwa kama mtu anayevunja muwa kwenye goti. Kule Australia, ambako watu huzipenda sana springi hizi, pikapu za dabo kebini zilizopinda chasisi si jambo geni. Dabo kebini ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya bodi yake ya mizigo iko nyuma ya ekseli. Kwa hiyo barafu na samaki wazito wabanwe mbele, mgongo wa kebini. Makreti matupu ndiyo yakae mlangoni.

Sasa jambo ambalo fundi wako hakukwambia, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: breki.

Lala chini ya gari utazame juu ya ekseli ya nyuma. Hilux nyingi zina kifimbo cha chuma kinachotoka kwenye ekseli hadi kwenye valvu ndogo iliyofungwa kwenye chasisi, na paipu za breki zinaingia humo. Valvu hiyo haina akili nyingi. Inajua kitu kimoja tu, umbali kati ya ekseli na chasisi. Gari likilala kwa mzigo, umbali unapungua, nayo inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Gari likiwa tupu limeinuka, valvu inabana ili tairi za nyuma zisifunge na kuteleza. Wewe ukipakia tani nzima kisha ukainua gari kwa upepo hadi likae kama tupu, umeidanganya. Breki za nyuma zinapewa nguvu ya gari tupu, za mbele zinabeba kazi yote, na gari linachelewa kusimama siku ile ile ambayo ni zito zaidi. Unateremka na shehena, bodaboda anakukatia mbele, ndipo unaijua tofauti.

Dawa yake ni mbili, na zote uzifanye. Kwanza, usiinue gari hadi likae kama tupu. Acha lilale kidogo likiwa na mzigo, hilo ni jambo jema. Pili, baada ya kufunga, valvu irekebishwe na fundi wa breki mwenye vipimo vya kusomea presha ya mafuta ya breki, kwa kufuata kitabu cha gari. Nimeona magari ambayo kile kifimbo kimefungwa juu kwa waya wa kufungia makuti. Ukiambiwa hivyo, chukua funguo zako uondoke. Kama gari lako halina kifimbo hicho, shukuru Mungu, lakini la kwanza bado linakuhusu.

Kabla ya kufungua boksi la shemeji, hakikisha springi za mabamba ni nzima. Gari likiwa tupu, mahali pa tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Andika. Kama upande mmoja umelala kuliko mwingine, au bamba limepasuka, au springi zimenyooka hata bila mzigo, tengeneza hizo kwanza. Mfuko wa hewa ni msaidizi wa springi. Na anayebeba mzigo ule ule mchana na usiku bila kurudi mtupu, kwa maoni yangu, heri aweke springi nzito zaidi za mabamba aachane na upepo. Wewe unakwenda umejaa unarudi na makreti, kwa hiyo seti inakufaa.

Kufunga. Wawili wenye mikono iliyozoea, nusu siku. Zuia tairi za mbele kwa magogo, inua nyuma, weka stendi imara chini ya chasisi, na jeki ibaki chini ya ekseli ili uishushe na kuipandisha upendavyo. Usiiache ekseli ining'inie kwa paipu ya breki. Ule mpira mnene unaogonga chasisi unatoka, maana mfuko ndio unaokaa mahali pake. Chuma cha juu kinafungwa kwenye chasisi, cha chini kinashikwa kwa yu-bolti kwenye ekseli au juu ya springi, kutegemea seti. Hapa ndipo pa kutumia tochi na subira: angalia yu-bolti isibane paipu ya breki wala waya wa breki ya mkono. Kama paipu ya breki inagusa chuma, isogeze kwa kibanio chake, usiipinde kwa koleo.

Mfuko ukae wima, juu na chini vikitazamana, na ukishajaa uwe na nafasi ya angalau sentimita moja na robo kuuzunguka pande zote. Usiujaze kamwe ukiwa mkononi au mezani. Mfuko usio na kitu cha kuubana juu na chini unaweza kupasuka usoni pako.

Paipu ya ekzosi iwe mbali, sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye mfuko na paipu za hewa. Kama haiwezekani, seti nzuri huja na ngao ya joto. Itafute ndani ya boksi kabla ya kusema haimo, maana ni bati dogo ambalo watu hulitupa pamoja na makaratasi.

Paipu za hewa ni za plastiki ngumu, zinaingia kwenye viungo kwa kusukumwa tu. Siri yake yote iko kwenye kukata. Tumia wembe mpya, kata mstari ulionyooka. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii niliwahi kukata kwa koleo kwa sababu wembe uliazimwa na kinyozi jirani. Koleo huiminya paipu ikawa bapa kidogo, jicho halioni, lakini upepo unaona. Mteja aliondoka salama Alhamisi, Ijumaa baada ya sala akarudi gari limelala upande mmoja kama mashua iliyopigwa na upepo wa kaskazi. Nikafungua yote tena bure. Tangu siku hiyo nina wembe wangu ndani ya mfuko wa shati.

Kuhusu paipu moja kwa mifuko miwili: kataa. Ukiingia mzunguko kwa kasi, gari linaegemea nje, mfuko wa nje unabanwa, na upepo wake unakimbilia mfuko wa ndani kupitia hiyo paipu. Yaani upande unaohitaji msaada unanyang'anywa, na gari linaegemea zaidi. Juu ya hayo, tundu moja likitokea unapoteza mifuko yote miwili. Kila mfuko uwe na paipu yake na valvu yake. Zifunge karibu na namba ya gari, na kifuniko cha valvu kisikosekane, kwa sababu mchanga wa Ngomeni huingia hata kwenye saa.

Jaza, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, tazama mapovu. Kisha pima presha na uache gari lilale hapo usiku kucha. Asubuhi ikiwa imeshuka psi mbili au tatu (psi ndicho kipimo cha presha ya upepo, kama kwenye tairi) usihangaike. Mfuko huu una hewa kidogo sana kulinganisha na tairi, na kipimo chenyewe hunyonya psi moja au mbili kila unapokichomeka. Ikishuka zaidi ya hapo, rudi na povu.

Upepo kiasi gani? Seti nyingi za namna hii zina kiwango cha chini cha psi 5, hata gari likiwa tupu, na cha juu psi 100. Soma cha seti yako, kipo kwenye kitabu chake. Usishuke chini ya kile cha chini: mfuko mtupu hujikunja vibaya, unajisaga na kutoboka. Na psi 100 ni ukuta, mtu hajengi nyumba yake juu ya ukuta. Fanya hivi: gari tupu psi 5 hadi 10. Pakia mzigo wako wa kawaida, pima tena pale ulipopima mwanzo, kisha ongeza psi 5 kila mfuko, pima, ongeza, pima. Simama gari linapokuwa bado limelala vidole viwili vitatu chini ya urefu wake wa gari tupu na mgongano kwenye matuta umekoma. Andika presha hiyo kwa rangi ndani ya mlango wa tangi. Jaza taratibu, maana kompresa ya gereji inaumaliza mfuko kwa sekunde chache, ukizubaa umepita. Ukishashusha samaki Mombasa, toa upepo kabla ya kurudi, la sivyo kitako kitaruka kama punda aliyetuliwa mzigo.

Ukipata pancha njiani, weka jeki chini ya ekseli. Ukiinua chasisi, ekseli inaning'inia na kuuvuta mfuko.

Mwisho ni chumvi, na kwako si jambo dogo, kwa sababu maji ya barafu ya samaki yanadondoka moja kwa moja juu ya vyuma hivyo vipya. Tafuta mahali maji yanapotokea kwenye bodi, unganisha kipande cha mpira yamwagike nyuma ya gari, mbali na mifuko. Kila juma osha chini kwa maji ya mfereji, toa mchanga uliokaa kwenye mikunjo. Na ile desturi yetu ya kupulizia oili chafu chini ya gari kuzuia kutu, funika mifuko kwa nailoni kwanza au mwambie anayepuliza aiache sehemu hiyo. Oili hula mpira polepole, na huioni kazi yake mpaka mfuko umeanza kupata nyufa.

Baada ya kilomita 800 hivi, ambazo kwako ni kama safari tatu za Mombasa kwenda na kurudi, rudi kwa fundi akaze bolti zote upya, gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Yu-bolti ndizo hulegea kwanza. Ukisikia mlio wa chuma nyuma kabla ya hapo, usingoje safari ya tatu.