Kwa nini mpambano wetu wa bastola unachosha?

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi na wenzangu tunaandaa filamu fupi ya makauboi. Mpambano wa mwisho tumeshaupiga: wanaume wawili wako barabarani, wanatazamana, muziki unaanza, picha za macho zinapokezana. Tumefuata yote tuliyoyaona kwenye filamu kubwa, ila dakika zetu 3 zinachosha na zao hazichoshi. Tumekosea wapi? Na ni kitu gani hasa kinachoifanya filamu ya makauboi iwe kubwa?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako mmeingia kwenye macho mapema mno. Mtazamaji ameonyeshwa nyuso kabla hajajua nani kasimama wapi, wametengana hatua ngapi na wanagombea nini. Hana cha kuhofia, kwa hiyo anasubiri tu. Filamu kubwa za aina hii zinamjulisha mtazamaji uwanja kwanza, kisha zinamsubirisha ndani ya uwanja anaoujua. Kwangu mimi hiyo ndiyo siri kubwa kuliko farasi, kofia na bastola.

Itazameni tena The Good, the Bad and the Ugly ya mwongozaji Sergio Leone (1966), pale watu watatu wanapokutana makaburini. Makaburi yale yalijengwa na askari wa jeshi la Hispania karibu na Burgos, maelfu ya alama za makaburi zikipangwa kuzunguka uwanja wa duara uliotandikwa mawe. Duara lina kazi. Watatu wakisimama ukingoni, hakuna anayeweza kujilinda dhidi ya wenzake wote wawili kwa wakati mmoja, na mtazamaji analiona hilo bila kuambiwa. Kabla ya hapo, mhusika wa Clint Eastwood ameweka jiwe katikati, akidai ameliandika jina la kaburi lenye dola 200,000 za dhahabu. Kinachogombewa kimekaa ndani ya picha, kati yao, muda wote.

Baada ya hapo ndipo kamera inaposogea: picha ya mbali kabisa, wakirudi nyuma kushika nafasi zao, kisha mwili mzima, kisha mkono juu ya ala ya bastola, kisha uso, kisha macho matupu. Vipande vya mwanzo vinakaa sekunde nyingi, vya mwisho havifiki hata sekunde moja, na muziki wa Ennio Morricone unapanda pamoja navyo. Lakini angalieni kilichomo ndani ya kila kipande. Macho ya Eli Wallach, mmoja wa wapinzani wawili wa Eastwood, yanahangaika huku na huku. Mkono wa mpinzani wa pili, Lee Van Cleef, unaisogelea bastola kidogo kidogo. Eastwood ametulia, na utulivu wake una sababu: usiku uliotangulia aliitoa risasi bastola ya Wallach, kwa hiyo anajua adui wa kweli ni mmoja. Mtazamaji hajui hayo, ila anauona utulivu na unamsumbua. Kila picha inaleta habari mpya. Ninyi, kama macho yenu yanarudia habari ile ile mara kumi, hakuna muziki utakaowaokoa.

Sasa tuje kwenye kazi yenu. Wasimamisheni watu wenu mita 15 hivi kutoka kwa mwenzake. Pigeni kwanza picha pana kutoka pembeni inayowaonyesha wote wawili, kisha nyingine kutoka nyuma ya kiuno cha mmoja, kamera ikiwa kwenye kimo cha ala, kwa lenzi pana ya milimita 24 au 28. Hiyo ya pili ndiyo yenye thamani kubwa: mkono ni mkubwa mbele, adui ni mdogo kule mbali, na umbali wote unaonekana kwa mtupo mmoja wa jicho. Kwa nyuso na macho nendeni kwenye lenzi ya mbali ya milimita 85 au 100. Mkitumia simu, tumieni lenzi yake ya mbali kama ipo. Ile pana ikisogezwa usoni inavimbisha pua.

Chagueni upande mmoja wa mstari unaowaunganisha hao wawili na kamera isiuvuke. Wa kwanza atazame kulia daima, wa pili kushoto. Mkiuvuka, wote watatazama upande mmoja na mpambano utavunjika hapo hapo. Kwa watu watatu mistari inakuwa mitatu, kwa hiyo msianze na mpambano wa watatu.

Upana wa picha pia una maana. Leone alitumia Techniscope, mfumo uliochukua matundu 2 ya ukingo wa utepe wa filamu kwa kila fremu (picha moja moja) badala ya 4. Uliokoa nusu ya utepe, ukatoa picha pana kwa lenzi za kawaida. Ninyi mkipiga video ya pikseli 3840 kwa 2160, kateni iwe 3840 kwa 1608, ila wekeni alama kwenye skrini kabla ya kupiga. Mkikata baadaye bila kupanga, kofia zitakatika.

Kofia yenyewe ina balaa lake: jua la saa sita linayafuta macho yote kwa kivuli. Shikeni ubao mweupe chini ya kifua cha mwigizaji, nje kidogo ya picha, hadi mboni zionekane. Usiangaze kupita hapo, la sivyo uso utaonekana umepigwa taa.

Kwenye uhariri, punguzeni dakika 3 ziwe kama moja na nusu. Picha pana ziachwe sekunde 8 hadi 12, za mwili sekunde 5, nyuso 3, kisha mshuke hadi fremu 12 mkiwa kwenye fremu 25 kwa sekunde. Katikati rudini mara moja kwenye picha ya mbali, watu wasisahau umbali. Sauti ifanyiwe kazi mbali na picha: buti kwenye changarawe, upepo, bawaba ya mlango. Mwanzo wa Once Upon a Time in the West (1968) unabebwa kwa dakika nyingi na kinu cha upepo kinacholia, nzi na matone ya maji, bila muziki. Ninyi nanyi muziki uingie pale mkono unapoanza kusogea, si kabla.

Kuhusu swali lako la pili, mpambano mkubwa umeandaliwa zamani kabla ya barabara. Katika High Noon (1952) tunaambiwa mapema kwamba adui anakuja na treni ya saa sita. Filamu ina dakika 85, na muda wa hadithi unakaribiana na huo. Saa za ukutani zinaonekana tena na tena huku watu wa mji wakimkataa mlinzi wao mmoja baada ya mwingine, hadi kamera inapopanda juu na kumwacha mlinzi huyo, Gary Cooper, peke yake mtaani. Risasi zinapolia tunajua mji huo una thamani gani, na ndiyo maana zinauma. Jiulizeni mtu wenu anapoteza nini hata akishinda. Jibu likikosekana, rudini kwenye mswada kabla ya kamera.

Na bastola ziwe za bandia. Mwaka 2021 huko New Mexico, mpigapicha mkuu wa filamu ya makauboi aliuawa na risasi halisi iliyotoka kwenye bastola iliyotangazwa kuwa salama. Hata baruti isiyo na risasi inajeruhi kwa karibu. Mwako wa fremu 1 au 2 na mlio huongezwa kwenye uhariri. Mwigizaji atikise mkono tu. Wajulisheni polisi na majirani kabla ya kuzitoa hadharani.

Anzeni kwa kukata upya mlichonacho. Kama hamna picha pana, rudini pale pale, saa ile ile ya jua, mpige hizo peke yake.