Uliza Fundi: Mwalimu, grenda iache dukani

SWALI: Fundi, shikamoo. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nimepanga nyumba yenye kibaraza cha nyuma, futi kumi kwa nane hivi. Likizo hii nataka kujitengenezea kabati la vitabu na stuli mbili, baadaye kitanda cha mtoto. Nimejikusanyia shilingi 300,000. Jirani yangu anayechomelea mageti anasema ninunue grenda kwa kuwa inakata kila kitu, na hela itakayobaki nichukue lile boksi la vifaa zaidi ya mia. Mke wangu anasema nianze na msumeno tu, tuone kama nitadumu. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Msikilize mkeo, halafu uongeze vitu vichache.

Jirani simlaumu. Kwa mtu wa mageti, grenda ndiyo kazi yenyewe. Lakini kale kamashine ka diski ya milimita 115 kanazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na kametengenezwa kwa ajili ya chuma. Watu wanakafunga diski ya meno ya mbao, wanang'oa na kinga ili meno yaingie vizuri. Mbao ikiyabana, mashine inaruka na kumrudia aliyeishika kabla hajajua kimetokea nini. Nilipokuwa Keko, kule Dar es Salaam, kijana wa banda la jirani alishonwa nyuzi kumi na saba pajani kwa mchezo huo. Alikuwa fundi, tena mzuri. Wewe ndio kwanza unaanza.

Boksi nalijua, nililinunua mwaka wa kwanza wa kujitegemea. Bisibisi zake zilipinda ncha kwenye skrubu za mninga, na mita yake ilikuwa imepunja karibu nusu sentimita ikifika mita mbili. Niligundua siku mlango wa kabati la mteja ulipokataa kufunga. Kwa hiyo nunua vifaa kimojakimoja, na uvipime palepale kaunta. Mita ivute sambamba na nyingine mbili, uone kama mistari inalingana. Ile ndoano ya mwisho ikicheza kidogo usiirudishe. Inacheza makusudi, kiasi cha unene wake, ili kipimo cha ndani na cha nje viwe sawa. Skwea, kile kipimo cha pembe mraba, iegemeze kwenye ubao ulionyooka ukingo, piga mstari, igeuze upande wa pili, piga tena palepale. Mistari ikiachana, irudishe rafuni. Muuzaji akikununia, mwache anune.

Msumeno chukua wa inchi 22, meno saba au manane kwa inchi. Ukiona ncha za meno zina rangi ya bluu iliyoiva kuelekea weusi, ujue yamekomazwa kwa moto: yanadumu sana, ila yakiisha makali, tupa ya kunolea haiyali, unanunua mwingine. Kwa mtu wa likizo si neno.

Patasi mbili zinakutosha, ya milimita 12 na ya 25, pamoja na jiwe la kunolea. Jiwe usiliruke hata kidogo! Patasi haiji na makali ya kazi kutoka dukani. Inakuja imesagwa tu, mara nyingi kwa pembe ya nyuzi 25, na wewe unaimalizia kwenye jiwe kwa kuinyanyua kidogo, ifike kama 30. Ikinyoa vinyweleo vya mkono, iko tayari. Randa tafuta ya chuma iliyotumika, namba 4, ya zamani. Weka rula chini yake uitazame kwenye mwanga. Isipokuwa na tumbo, chukua.

Cha umeme nunua kimoja tu: drili ya waya, wati 500 hadi 700, mdomo wa milimita 13, yenye kurudi nyuma, ya kuongeza mwendo kwa kidole, na yenye kugonga. Kugonga ni kwa ajili ya ukuta, maana kabati la vitabu kwenye nyumba yenye mtoto lazima lifungwe ukutani. (Mwenye nyumba mwambie mapema. Wengine wanalia na tundu moja kuliko na kodi ya miezi mitatu.)

Utaniuliza, na kupasua mbao je? Usinunue mashine. Palepale unaponunulia mbao, au jirani yake, kuna mashine. Wakupasulie na kukurandia kwa vipimo vyako, uende nyumbani na kazi ya kukata urefu na kuunga. Anza na paini iliyokauka. Mninga ni mzuri, lakini ni ghali kwa mtu anayejifunza, na vumbi lake mimi linanipeleka chafya mpaka jioni. Miwani na barakoa vimo ndani ya bajeti, Mwalimu, si nyongeza.

Klampu, vile vibanio vya kushikilia kiungo gundi ikikauka, zisikusumbue kwa sasa. Kata tyubu ya baiskeli kuukuu iwe mkanda mrefu, paka gundi, zungushia kiungo ukiuvuta kwa nguvu. Stuli zangu za kwanza zote ziliungwa hivyo.

SWALI: Fundi, hujambo? Kuna drili za betri zimeandikwa 18V na nyingine 20V, bei mbalimbali. Hiyo ya 20 ina nguvu zaidi? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Sijambo. Mara nyingi ni kitu kilekile. Ndani mna seli tano za lithiamu. Kila moja ikiwa kazini ni volti 3.6, na tano zinafanya 18. Ikiwa ndio kwanza imetoka chaji inafika kama 4, na tano zinafanya 20. Mmoja ameandika hesabu ya kazini, mwingine ya kutoka chaji. Tazama namba yenye Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba): betri ya 4.0 itakaa karibu mara mbili ya 2.0. Na uulize kama betri za kampuni hiyo zinauzwa peke yake hapo mjini, kwa sababu ya kampuni nyingine haitaingia.